Simu ya Upepo Si Chuma Chakavu

Ipo methali ya Kiswahili inayotumiwa vibaya kuliko nyingi: la kuvunda halina ubani. Huitamka kijana anayemwona babu yake akifuta vumbi redio iliyokwisha kunyamaza. Huitamka mkuu wa ofisi anayeamuru stoo isafishwe kabla ya mgeni rasmi kufika. Na huitamka, kwa furaha kubwa zaidi, mnunuzi wa chuma chakavu anayesimama uani na mizani yake. Wote watatu wanakubaliana, bila ya kuulizana, kwamba kilichonyamaza kimevunda. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwani redio iliyonyamaza aghalabu haikuvunda hata kidogo. Kilichokauka ndani yake ni vijikopo viwili au vitatu ambavyo bei yake haizidi ya kikombe cha chai. Na kilichovunda hasa ni subira ya wenyewe.

Huko Matwebe, wilayani Rungwe, katika nchi ya migomba na kahawa na mvua isiyochoka, yupo fundi redio, mtu mzima, ambaye rafu yake imekuwa uwanja wa ugomvi. Juu ya rafu zimo redio za National na za Philips, za mbao na za plastiki. Mwisho wa rafu kuna sanduku zito la chuma lenye maikrofoni iliyofungwa kwa waya wa kujikunja: simu ya upepo, iliyowahi kusafiri ndani ya Land Rover zamani za barabara za matope. Siku moja akafika kijana mnunuzi wa skrepa.

“Shikamoo, mzee. Hilo sanduku kilo ngapi?”

“Marahaba, mwanangu. Hilo halipimwi kwa kilo.”

Kijana akacheka, na pengine alikuwa na haki ya kucheka, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kipimo kingine. Makala haya yanadai kwamba kipimo kingine kipo, na kwamba nchi isiyokijua kipimo hicho inauza kumbukumbu zake kwa bei ya shaba.

Katika nchi za mbali jambo hili lilikwisha kueleweka. Marekani ilifungua masafa ya megahezi 27 kwa redio za raia wa kawaida mwaka 1958. Wakati wa shida ya mafuta ya 1973 na 1974, madereva wa malori walizitumia kuambiana penye petroli na penye askari wa barabarani, na raghba ikaenea nchi nzima hata serikali ikalazimika kuongeza njia kutoka 23 hadi 40, kuanzia tarehe 1 Januari 1977. Uingereza ilizikataa redio hizo kwa miaka, watu wakazitumia kwa kujificha, hatimaye zikahalalishwa tarehe 2 Novemba 1981. Leo hii, baada ya simu za mkononi kuwafanya wengi wazisahau, wapo huko watu wanaozisaka redio zile zile katika minada na magereji, wanazifungua, wanabadilisha kilichokufa, wanahifadhi kilicho hai, na wanaandika habari za kila moja. Hakuna anayewaita wendawazimu.

Tanzania haikuwa na redio za raia za namna ile, na sababu yake si umaskini peke yake. Mawimbi ya megahezi 27, yenye urefu wa mita 11, katika siku za kawaida hupenda kwenda moja kwa moja. Yakikutana na mlima kama Rungwe, wenye karibu mita 3,000, husimama kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Katika nchi ya milima na mabonde chombo kilichofaa kilikuwa kingine: simu ya upepo ya masafa ya chini zaidi, kiasi cha megahezi 3 hadi 8. Mawimbi yake hurushwa juu, yakagonga tabaka la anga lililoamshwa na jua, kisha yakarudi chini kama mvua, yakaanguka mbele ya mlima na nyuma yake bila ya kubagua. Waya uliotandazwa baina ya miti miwili ulitosha kuwa antena. Kwa megahezi 5, wimbi lina urefu wa mita 60, na nusu yake, mita 30 kasoro kidogo, ndiyo kamba ya kutandazia. Aliyeijua hesabu hiyo aliweza kuzungumza na mji ulio mamia ya kilomita mbali, bila ya nguzo wala mnara.

Kwa chombo hicho polisi waliitana, vituo vya misitu viliitana, misheni na hospitali ziliitana. Taasisi ya madaktari warukao, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la AMREF, ilijenga mtandao wa simu za upepo uliounganisha zahanati na hospitali za mbali katika Afrika Mashariki. Mwuguzi aliyekuwa na mzazi mwenye uchungu uliokwama hakuandika barua. Alisubiri saa ya kuitana, akabonyeza kitufe, akasema, akaachia, akasema “ova”, kisha akasikiliza. Maisha ya watu yalipita ndani ya kitufe hicho. Sanduku lililobaki kwenye rafu ya Matwebe ni la ukoo huo. Kijana wa skrepa analiona ni kilo kadhaa za bati na shaba. Kwa kweli ni ushahidi.

Na ushahidi huo unasomeka. Simu nyingi za upepo za zamani hazikuwa na kitasa cha kuzungushia masafa kwa kupenda. Kila njia ilikuwa na kristali yake, kipande chembamba cha jiwe la kwatzi ndani ya kikopo kidogo, kilichokatwa ili kitetemeke kwa kasi moja tu, na juu ya kikopo masafa yake yameandikwa. Mwenye kristali tano alikuwa na njia tano, hana ya sita. Kwa hiyo anayefungua sanduku na kuzisoma kristali zake anajua chombo hicho kiliweza kuitana na nani: njia hii ya makao makuu, njia hii ya mchana, njia hii ya usiku, wakati tabaka la anga linapolegea na masafa ya juu yakawa hayarudi tena. Kristali ni daftari la anwani. Mkarabati asiyejua akizing’oa na kuzitupa, ameifanyia historia kile ambacho mchwa huzifanyia hati za kadhi.

Maadui wa sanduku hili ni watatu, na haifai kuwachanganya, kwani kila mmoja anahitaji jibu lake.

Wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu. Huyu ndiye mwenye dhambi ndogo, kwa kuwa hadanganyi: anataka shaba ya transfoma na alumini ya gamba, anazichoma nyaya motoni mpaka plastiki iyeyuke, anapima, analipa. Ni mtu anayetafuta riziki. Kumlaumu yeye ni sawa na kuilaumu mizani. Lawama inamwangukia aliyemwachia mlango wazi, yaani taasisi zilizotoa nje vyombo vyao bila ya kuviandika hata katika daftari moja, na jamaa wanaogawana mashamba ya marehemu kwa makini kisha wakaitupa redio yake.

Wa pili ni mwongo, naye ni hatari zaidi. Kwa miaka mingi umezagaa Afrika na Uarabuni uvumi wa “zebaki nyekundu”, kitu cha thamani isiyosemeka kinachodaiwa kufichwa ndani ya vyombo vya kale. Mwaka 2009 uvumi huo uliwafanya watu wa Saudi Arabia wazinunue cherehani kongwe za Singer kwa bei za kichaa, wakaambulia cherehani. Mkumbo huo huo umezipata redio na televisheni za valvu: watu huzipasua, huvunja vioo, hutafuta kioevu ambacho hakuna maabara iliyowahi kuthibitisha kwamba kipo. Ajabu ya mambo, wilaya hiyo hiyo ya Rungwe ina ziwa la Masoko, ambalo watu husimuliana kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walizamisha humo mali na silaha. Vijana wamepiga mbizi katika maji yake kutafuta sarafu. Basi hazina isiyoonekana inatafutwa chini ya ziwa, na hazina inayoonekana inavunjwa kwa nyundo juu ya nchi kavu. Kama hilo si kejeli, kejeli ni nini?

Wa tatu huja na tabasamu, na huyu ndiye makala haya yanayemkusudia hasa. Ni mpenda vitu vya kale. Hafiki na mizani, hafiki na nyundo. Hufika na gari safi na noti mpya. Anataka redio ya valvu kwa ajili ya ukumbi wa hoteli au sebule ya nyumba yake. Atailipia vizuri. Kisha ataamuru itolewe matumbo: valvu nje, transfoma nje, koili nje, na mahali pao iwekwe spika ndogo inayopokea muziki kutoka simu ya mkononi. Wageni watasema, “Aa, kitu kizuri!” Naye ataitwa mhifadhi wa urithi. Lakini alichohifadhi ni ganda. Anayemtoa kuku matumbo, akamjaza pamba na kumsimamisha mezani, hawezi kusema kwamba anafuga kuku.

Watetezi wake watasema: je, si afadhali ganda kuliko majivu? Pengine. Ila hoja hiyo inasimama tu ikiwa hakuna njia ya tatu, na njia ya tatu ipo. Inaitwa ukarabati, na kazi yake haina uchawi. Redio kongwe haichomekwi umeme kwa pupa. Mafundi wenye busara huipitishia kwanza umeme kwenye globu iliyofungwa katika mfululizo, na globu ikiwaka kwa nguvu inajulikana kwamba ndani mna njia ya mkato, kabla transfoma haijaungua. Kapasita za karatasi na nta, ambazo unyevu wa nchi kama Tukuyu huzila upesi, hubadilishwa moja moja. Fundi mwenye heshima huficha kapasita mpya ndani ya ganda la ile ya zamani, ili sura isibadilike na kazi irudi. Katika redio nyingi za miaka ya 1960 zilizotumia transista za jamii ya AF117, ugonjwa ni wa ajabu kidogo: ndani ya kikopo cha transista huota nywele nyembamba za bati, zikagusa pasipogusika, redio ikafa. Wengi huitupa. Ajuaye hukata mguu mmoja wa transista, ule uliounganishwa na kikopo chenyewe, na aghalabu redio ikasema tena. Mkato mmoja wa koleo! Maarifa ya mkato huo yanaweza kuwa kichwani mwa mzee mmoja tu katika tarafa nzima, na mzee huyo hana mwanafunzi.

Hapa ndipo penye hasara ya kweli. Redio ikivunjwa imekwenda redio moja. Fundi akifa bila ya kurithisha kazi zimekwenda redio zote, pamoja na zile ambazo bado ni nzima, kwa kuwa siku zikinyamaza hakutakuwa na wa kuzisemesha. Ikumbukwe pia kwamba ufundi huu haukuwa wa kuazima. Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda cha Matsushita, kilichoanza katika miaka ya 1960, kikatoa redio na betri za National. Arusha palikuwa na kiwanda cha Philips. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Vikundi hivyo visingekutana kama vijijini pasingekuwa na watu wa kuziweka redio katika hali ya kusema. Mafundi hao hawakuandikwa katika ripoti yoyote ya kampeni. Rafu ya Matwebe ndiyo ripoti yao.

Wapo watakaouliza kwa dharau nini maana ya yote haya wakati kila mfuko una simu ya mkononi. Swali ni la haki, na jibu lake liko magharibi ya Ziwa Tanganyika na kaskazini zaidi. Mashariki ya Kongo simu ya upepo huitwa foni, na wafanyabiashara, mapadri na wauguzi wameishi nayo kwa miongo. Mnamo Desemba 2009, katika eneo la Makombo, wilaya ya Haut-Uele, waasi wa LRA waliwaua watu zaidi ya 300 katika siku chache. Na kwa kuwa vijiji vile havikuwa na njia ya kupiga ukelele, ulimwengu haukupata habari kamili mpaka Machi 2010. Baada ya maafa hayo ndipo mtandao wa simu za upepo ukaongezwa vijijini ili watu waonyane mapema. Mnara ambao haujajengwa hausaidii mtu; mnara uliokatika umeme hausaidii mtu. Kinachosaidia ni sanduku, betri, waya, miti miwili na mtu anayejua. Hakuna anayetaka Rungwe irudi miaka ya 1960. Linalotakiwa ni kwamba watu wasijifanye hawahitaji tena elimu ambayo jirani yao alilazimika kuinunua upya kwa damu.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba ugomvi huu ni wa bara peke yake. Katika vibaraza vya Unguja, miaka ya 1950, watu waliizunguka redio kuisikiliza Sauti ya Cairo na kubishana mpaka usiku. Na mnamo Januari 1964 sauti ya John Okello ilipotoka hewani, ilibadilisha mambo nyumba kwa nyumba kabla mguu wa askari haujafika. Redio zilizopokea sauti hizo ziko wapi? Milango ya Mji Mkongwe inasifiwa duniani kote, na hata kule bara Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Ni vyema. Lakini mlango ulionyesha utajiri wa mwenye nyumba, na redio ilionyesha alichokuwa akikifikiri. Taifa linalolinda mlango na kuitupa redio limeamua, bila ya kujua, kwamba fahari ni urithi na fikra si urithi.

Kikwazo cha mwisho ni sheria, nacho kisemwe kwa uadilifu. Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kurusha mawimbi bila ya leseni, na ina haki: anga ni njia ya wote, na mwenye kupiga kelele humo anaweza kuiziba sauti ya rubani au ya meli. Lakini woga wa sheria umekuwa kisingizio. Mwenye simu ya upepo huogopa kuitangaza, kwa hiyo huiuza gizani, nayo hufia gizani. Dawa ipo mbili. Kwanza, mafundi wana mbinu ya kukijaribu chombo kwenye mzigo bandia, yaani kinzani kinachoila nguvu ya mtambo ikawa joto tupu, bila ya wimbi lolote la maana kwenda angani. Pili, leseni ya redio ya ridhaa si jambo geni hapa: tangu zama za ukoloni Zanzibar ilikuwa na alama yake ya kuitana, VQ1, na Tanganyika yake, VQ3, na baada ya Muungano zote zikawa chini ya 5H. Mamlaka ya Mawasiliano inaweza, kwa karatasi moja, kumpa mkusanyaji kibali cha kumiliki na kukarabati chombo kisichorusha. Karatasi hiyo itaokoa vitu vingi kuliko semina kumi za urithi.

Basi lifanyike nini? Mkusanyaji akubali sharti moja kabla ya kuitwa mhifadhi: asitoe matumbo. Kila redio inayohama iandikiwe kadi yenye kijiji ilikotoka, kazi iliyofanya, kristali zake na masafa yake. Wale waliokuwa waendeshaji wa simu za upepo, wauguzi, makatekista, madereva na askari wastaafu, warekodiwe sasa wakieleza saa za kuitana na namna ya kuitana, kwani mitambo inaweza kusubiri miaka kumi kabatini na wao hawawezi. Vyuo vya VETA vimpe mzee wa Matwebe vijana wawili na posho, vitaona faida yake upesi. Na vyombo vyenyewe visihamishiwe vyote Dar es Salaam. Chumba kimoja cha shule chenye paa lisilovuja kinatosha, mradi mtoto wa Rungwe aweze kukiona kitu hicho kikisema mahali kilipokuwa kikisema.

Inasemekana kijana wa skrepa alirudi kwa fundi mara ya pili, akaongeza bei. Mzee hakubishana. Alimkalisha kwenye kigoda, akafungua kifuniko, akachomoa kristali moja, akampa aishike na kumwambia asome kilichoandikwa juu yake. Kijana akasoma tarakimu kwa sauti. Akauliza zilikuwa za nani. Tangu hapo mazungumzo yao hayakuwa tena ya kilo.